Unaita, hakuna anayejibu: kutafuta kosa kwenye redio ya masafa mafupi

Wiki tatu za kwanza nilipopata redio ya wanaridhaa ya masafa mafupi, ile ya kuzungumza na watu wa mbali, hapa Tanga, niliita kila jioni mpaka koo likakauka. "CQ, CQ, CQ", yaani namwita yeyote anayesikia, halafu alama yangu ya wito, halafu mvumo, kama jiko la pampu linalowaka chumba cha pili. Niliapa kwamba nimeuziwa redio mbovu. Nikaifungua, nikaichungulia, nikaifunga bila kujua nilichokuwa natafuta. Redio ilikuwa nzima. Waya wangu wa antena ulizidi kwa sentimita thelathini, chaja ya simu ya mtoto ilikuwa inanguruma kwenye bendi nzima, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaita watu saa ambayo kwao bendi ile ilikuwa imeshafungwa.

Tangu hapo nimekaa na wanaoanza kadhaa, na karibu kila mmoja hufika kwangu na redio kwapani akitaka ifunguliwe. Ombi langu ni moja: bisibisi ibaki mezani. Tuanze na masikio, twende kwenye waya, kisha umeme, kisha saa. Na kama leseni bado (Tanzania inatoka TCRA, Kenya CA, Uganda UCC), kitufe cha kurusha kisiguswe. Kazi ya kuondoa mvumo ndani ya nyumba haingoji leseni.

Mvumo mkubwa, vituo hakuna

Chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Mvumo ukishuka hadi karibu na kimya, redio inapokea vizuri na kelele inaingia kupitia antena. Usiposhuka, kelele inatoka kwenye chanzo chako cha umeme, au antena yako haileti chochote kwa sababu imekatika mahali. Jaribio hili ni la sekunde mbili na linakuondolea nusu ya mashaka, lakini sijaona anayeanza aliyelifanya kabla ya kuambiwa.

Sasa iweke redio kwenye betri, nenda ukashushe swichi kuu ya nyumba. Sindano ya S, ile inayoonyesha nguvu ya kinachoingia, ilikuwa S8 ikaanguka S3? Kikulacho ki nguoni mwako. Washa umeme tena, uzime vyumba kimoja kimoja. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza sikuamini: friji haikuwa na neno, feni haikuwa na neno, televisheni kidogo tu. Nikachukua kile kiredio kidogo cha betri cha kusikilizia mpira, nikakiweka AM katikati ya stesheni mbili ambapo hakuna kitu, nikatembea nacho nyumbani kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Kilipofika karibu na soketi ya chumba cha watoto kilipiga yowe. Chaja ya elfu mbili na mia tano, haina hata simu juu yake.

Ukishazoea, utaitambua kelele kabla hujainuka kitini. Kelele inayojirudia kila baada ya kHz kadhaa ukizungusha kitufe, kama vijiti vya uzio, ni chaja au usambazaji wa umeme wa kielektroniki. Ile inayoanza magharibi taa zinapowashwa ni balbu za LED. Inayokuwepo mchana kutwa na kukata jua likizama, hiyo ni kontrola ya sola, yako au ya jirani. Mkwaruzo mkavu unaochoma sikio, unaopungua mvua ikinyesha, kwa kawaida unatoka kwenye nguzo za umeme: kikombe kimelegea, cheche inaruka. Huo huuwezi wewe, ripoti kwa wenye nguzo na uwe na subira.

Chaja mbaya itupe. Kontrola ya sola, mimi hukata tu waya wa paneli ninapokaa kwenye redio na kuurudisha nikimaliza. Vipete vya feraiti kwenye nyaya za kompyuta na za umeme husaidia, mradi waya uzungushwe mara kadhaa ndani ya pete. Kupitisha mara moja ni karibu na mapambo. Ila dawa kubwa kuliko zote ni umbali: ukiweza kuupeleka waya wa antena mita kumi na tano kutoka ukutani badala ya mita mbili, utasikia tofauti ambayo hakuna kichujio cha kununua kitakupa. Kwa jirani, nenda na balbu mpya mkononi. Ukienda na malalamiko utarudi nayo.

Sauti ya bata

Watu wanaongea lakini kama bata aliyekabwa. Sauti hurushwa upande mmoja tu wa masafa: chini ya MHz 10 wanaridhaa hutumia LSB (upande wa chini), juu yake USB (upande wa juu). Badilisha. Kama bado, zungusha kitufe kikubwa polepole, hezi mia moja tu zinatosha kumrudishia mtu ubinadamu wake.

Nasikia Hispania, sisikii Mombasa

Hapa hakuna kosa lolote, ila swali linaulizwa sana, tena kwa hasira. Mombasa kutoka kwangu ni mwendo wa basi wa asubuhi moja, na kwenye bendi ya mita 10, yaani MHz 28, sijawahi kuipata vizuri. Mawimbi ya bendi za juu hupanda hadi kwenye ionosfia, kilomita mia mbili au tatu juu, yakadunda na kuanguka mbali. Katikati kuna eneo la kimya: wimbi la ardhini limeshaisha, la angani bado halijashuka. Kwenye MHz 28 eneo hilo huweza kuzidi kilomita elfu moja. Ukitaka majirani, shuka mita 40 mchana, weka waya chini chini, mawimbi yatapanda wima na kurudi kama mvua. Ukitaka dunia, Mombasa utampigia simu.

Nasikia watu, wao hawanisikii

Hili ndilo gonjwa lenyewe, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote. Twende kuanzia zile zisizogharimu kitu.

Kwanza, je, unamwita pale anaposikiliza? Kituo cha kisiwani kinachowindwa na dunia nzima hakisikilizi pale kinaposemea. Kinasema kwenye 14.195, kinasikiliza kuanzia 14.200 kwenda juu, na katikati ya maneno yake utasikia "up" au "five up". Ukimwita kwenye 14.195 hakusikii, na wote wanaomsikiliza watakutukana. Tumia kitufe cha SPLIT, kinachotenganisha masafa ya kupokea na ya kurusha, weka VFO ya pili (ya kurushia) juu, kisha sikiliza kwanza yule aliyejibiwa mwisho alikuwa wapi. Huyo ndiye anayekuonyesha sikio la kituo liliko wakati huo.

Pili, angalia kitufe cha RIT, kile kinachosogeza masafa ya kupokea peke yake. Mkono uligusa, RIT ikawaka, sasa unapokea hezi mia saba pembeni ya unaporushia. Wewe unamsikia safi. Kwake wewe ndiye bata. Nimepoteza Jumamosi nzima kwa kidude hicho.

Tatu, je, kuna kitu kinatoka? Hapa una msaada wa bure. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina mpokeaji wa intaneti anayeitwa WebSDR, aliyewekwa 2008, anayesikia masafa mafupi yote. Ifungue kwenye simu, weka masafa yako, vaa hedifoni, sema alama yako ya wito na kuhesabu hadi tano, kisha jisikilize. Alasiri, bendi ya mita 15 ikiwa wazi kwenda Ulaya, ukijisikia kule, antena yako inafanya kazi na tatizo ni jinsi unavyoita. Usipojisikia siku tatu mfululizo, ilhali wenzako wa Afrika Mashariki unawasikia kwa mpokeaji huyo huyo, twende juu ya paa.

Kupokea kunasamehe antena mbovu, kurusha hakusamehi. Kipande chochote cha waya kitakuletea Ulaya masikioni, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kwa anayeanza napendekeza dipoli ya waya, yaani pande mbili sawa zenye kebo katikati, si antena ya dukani yenye ahadi kumi. Urefu wote kwa mita ni 143 ugawe kwa MHz. Kwa 14.2 unapata mita 10.07, yaani kama mita 5 na sentimita 3 kila upande. Waya wa nyumba wa 2.5 wenye plastiki yake unafaa kabisa, ila ile plastiki inaufanya waya ujione mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo mwishowe utakata zaidi kidogo ya hesabu. Anza na waya mrefu. Kukata ni rahisi, kuunga kunakera.

Ukishauinua, pima SWR (namba inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) kwenye bendi nzima na nje ya bendi kidogo, utafute inapokuwa ndogo kabisa. Usiridhike na kupima mahali pamoja. Mfano wangu mwenyewe: waya mita 10.4, SWR ndogo kabisa niliikuta kwenye MHz 13.8, nikiitaka kwenye 14.2. Chukua urefu ulionao, zidisha kwa ulipoikuta, gawanya kwa unapoitaka: 10.4 mara 13.8, gawanya kwa 14.2, ni mita 10.11. Nikakata sentimita kumi na tano kila upande. Zile ndizo sentimita thelathini zilizonilaza macho wiki tatu. SWR ikikaa chini kabisa juu ya bendi, yaani 14.6, waya ni mfupi, uungie. Redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu zenyewe SWR ikipita 2 au 3 ili zisiungue, kwa hiyo unaamini unarusha wati 100 kumbe zinatoka 20.

Tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha antena na redio, je? Tyuna inaidanganya redio ili itoe nguvu zote. Waya hauwezi kuudanganya. Nguvu inayorudi huku na huku ndani ya kebo ndefu na nyembamba inaishia kuwa joto. Na jihadhari na SWR nzuri kupita kiasi: 1.2 kila unapogusa, kuanzia mita 40 hadi mita 10, kwa dipoli ya bendi moja, si baraka. Kebo imekunywa maji. Inameza nguvu inayokwenda na inayorudi, mita inaona kidogo kinachorudi na kukupongeza.

Kwetu pwani adui ni chumvi. Konekta ya PL-259 ambayo haijafungwa vizuri, mwaka mmoja tu inakuwa ya kijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Lehemu msuko wa nje wa kebo vizuri kwenye konekta badala ya kuubana tu, funika kwa tepu ya mpira ile inayoshikana yenyewe, juu yake tepu ya kawaida ya umeme ili jua lisiile. Halafu acha kebo ining'inie kama kitanzi chini ya konekta kabla ya kuingia dirishani, maji ya mvua yadondokee pale badala ya kukufuata ndani. Mita ya fundi umeme inatosha kupima: chomoa kebo ncha zote mbili, pini ya katikati na msuko wa nje zisigusane kabisa. Unganisha kwa makusudi ncha moja, upime nyingine, isomeke karibu na sifuri. Ikisoma namba inayocheza, kebo hiyo ni ya kufungia mbuzi.

Kimo. Dipoli ya mita 20 iliyo mita tatu juu ya ardhi inapeleka nguvu nyingi juu moja kwa moja, unawasalimu malaika. Ipandishe mita kumi na pembe inashuka, mawimbi yanakwenda mbali. Mnazi ni mnara wa bure, lakini mnazi unayumba, na waya uliokazwa kati ya minazi miwili utakatika upepo wa kusi ukianza. Weka kapi upande mmoja, kamba ipite juu yake, na kwenye ncha ning'iniza dumu dogo la maji. Upepo ukivuta, dumu linapanda. Ukiutandaza waya mashariki hadi magharibi, tumbo lake linatazama kaskazini na kusini, na Ulaya kwetu iko kaskazini ikielekea magharibi kidogo. Waya ukiwa chini sana mwelekeo haujalishi, unarusha pande zote kwa unyonge sawa.

Anayekaa jirani na bahari ana bahati ambayo watu wa bara wanatuonea wivu. Waya wa mita tano umesimamishwa wima kwenye fimbo ya kuvulia ya faiba, na nyaya mbili za urefu huo huo zimenyooshwa nusu mita juu ya mchanga, pale maji yanapogota. Maji ya chumvi ni kioo kwa mawimbi ya wima, yanaondoka chini chini juu ya bahari. Nimewahi kukaa hivyo na wati 10 na betri, watoto wamenizunguka wakidhani natega samaki, nikazungumza na Japani.

Na hapo niseme la nguvu, kwa sababu kila anayeanza akishindwa anauliza kikuza nguvu cha wati 400 ni bei gani. Kutoka 100 hadi 400 ni desibeli 6, alama moja tu ya S kwa anayekusikia. Kelele ya chaja ile ilikuwa inanila alama tano. Nguvu itakufanya usikike na watu usiowasikia, na huo si mawasiliano, ni matangazo.

Nikisema, taa ya redio inafifia

Kijana mmoja wa Muheza alikuwa anasikika kama anaongea ndani ya mtungi, na kila akipaza sauti redio inazima na kuwaka. Tulipima nyuma ya redio, si kwenye betri: 12.4 akiwa kimya, 10.9 akisema. Redio ya wati 100 huvuta kama ampea 20 kwenye kilele cha sauti, na nyingi zimeandikwa volti 13.8 na msamaha wa asilimia 15, yaani chini ya 11.7 hazikuahidi kitu. Alikuwa ameleta umeme kwa waya mwembamba wa 1.5, mita sita kutoka kwenye betri. Tulisogeza betri chini ya meza, tukatumia waya wa milimita 6, mita mbili tu, ambao kwa mvuto huo haupotezi hata nusu volti. Mtungi ukapasuka. Kumbuka fyuzi, nyaya zote mbili, karibu na betri.

Dalili inayofanana lakini si hiyo: maiki inakuchoma mdomo, kompyuta inajizima ukirusha, sauti inakwaruza kwenye bendi moja tu. Hiyo ni nguvu ya antena inayorudi nyumbani kwa nje ya msuko wa kebo. Zungusha kebo mara nane hadi kumi, duara kama la sahani ya wali, pale chini ya katikati ya dipoli, na ifunge isifunguke. Kwa bendi za juu inatosha.

Jana ilikuwa wazi, leo kaburi

Kabla ya kupanda paa, sikiliza 14.100. Kuna mpango wa dunia wa vinara vya redio, 18 kwa jumla, vinavyopokezana kwenye masafa hayo hayo: kila kimoja sekunde kumi, mzunguko mzima dakika tatu. Kinataja alama yake kwa Morse, kisha mistari minne mirefu, wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati moja. Baada ya 14.100 kila kinara kinapanda 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kenya ina 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Israeli 4X6TU, Ufini OH2B. Usipomsikia 5Z4B usifadhaike, wengine tuko ndani ya lile eneo lake la kimya. Ila ukikaa dakika sita hakuna hata kimoja, na ukichomoa antena mvumo haubadiliki, hilo ni la antena. Mvumo ukibadilika, hilo ni la jua.

Jua lina namba mbili za kutazama kila asubuhi. SFI, kipimo cha mawimbi ya redio yanayotoka kwenye jua, inayopimwa Penticton, Kanada: ikipita 150, mita 10 na 12 huchangamka, ikishuka karibu na 80, zisahau, kaa mita 20. K, kipimo cha msukosuko wa usumaku wa dunia: 0 hadi 2 ni utulivu, 5 na kuendelea ni dhoruba, na njia zinazopita karibu na ncha za dunia hufa kwanza. Mzunguko wa 25 wa jua ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefika kwenye kipindi chake cha kilele. Anayeanza sasa asiahirishe mita 10 hadi apate antena nzuri zaidi.

Wakati mwingine bendi hukatika ghafla saa sita mchana kama mtu amezima swichi, hata mvumo wa kawaida unapungua. Mlipuko wa jua huo, unalishika pande la dunia lililo mchana, na bendi za juu hurudi kwanza. Pika chai.

Kwa utaratibu wa siku: kwa safari ndefu mita 40 na 80 mchana hulala, tabaka la chini la anga linazinyonya, ziache hadi magharibi. Japani, mtafute asubuhi mita 15 na 10. Ulaya iko karibu na saa zetu, jua linatuangazia pamoja, kwa hiyo alasiri yote ni yake. Amerika Kaskazini hufunguka kwetu jua linapokaribia kuzama na kuendelea hadi saa tatu usiku hivi, kwao ni asubuhi na mchana. Na kitu kimoja cha ikweta ambacho miongozo ya Ulaya haikitaji: baada ya magharibi, hasa Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, sauti zote zinatetemeka kama mtu anayeongea mbele ya feni. Nilibadilisha kebo kwa ajili ya hilo. Ni anga letu tu, linachemka baada ya jua kuzama. Subiri kwa muda wa saa mbili, au hamia FT8, mawasiliano ya maandishi kwa kompyuta.

FT8: mistari imejaa, maandishi hayaji

FT8 waliitoa Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, na kwa mwenye antena duni ni mkombozi. Kila mzunguko ni sekunde 15, na programu inategemea saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde moja. Ukiona mistari mizuri inateremka kwenye skrini na hakuna neno linalofumbuliwa, ni saa. Linganisha saa na intaneti. Huna intaneti, washa simu yenye GPS. Kisha tazama safu ya DT (tofauti ya muda): watu wote wakiwa na 1.4 au 1.6, saa yako ndiyo iliyotangulia, si wao waliochelewa.

Na upande wa kurusha, hujibiwi? Shusha sauti ya kompyuta hadi sindano ya ALC, kizuizi cha nguvu ndani ya redio, isitikisike, la sivyo unajaza bendi kwa vivuli vyako. Na punguza nguvu, wati 30 zinatosha: FT8 inarusha sekunde 12.64 mfululizo bila kupumua, redio iliyotengenezwa kwa maongezi itachemka.

Sasa wananijibu wote kwa pamoja

Siku antena itakapokaa sawa, utagundua kitu: wewe ndiye kisiwa. Mtu wa Italia ana Wajerumani elfu, hana 5H (Tanzania) wala 9U (Burundi) wala 9X (Rwanda) nyingi. Utaita mara moja, utarudishiwa ukuta wa sauti na hutaambulia hata herufi. Tatizo hili halimo kwenye miongozo ya wenzetu, wao wako upande wa pili wa ukuta.

Usiombe radhi, usinyamaze. Sema "listening five up", sogeza sikio lako. Kamata herufi mbili zozote, mjibu mwenye hizo mbili tu, na usikubali mwingine hata akipiga kelele vipi. Ukimkubali mmoja aliyevamia umewafundisha wote kuvamia. Bado wamekuzidi? Ita kwa tarakimu: wenye 1 kwenye alama zao, watano, kisha wenye 2. Ukichoka sema umechoka na uzime. Hakuna anayekudai.

Mbona mazungumzo hayathibitishwi?

Umezungumza na Brazili, umepakia daftari lako la mawasiliano kwenye LoTW, mfumo wa intaneti wa kuthibitisha mazungumzo, wiki zinapita. Mfumo huo unalinganisha daftari lako na lake, na nyakati zisipokaribiana ndani ya dakika 30, kwake hamkuwahi kukutana. Hapa Mswahili ana mtego wa peke yake: saa ya ukutani kwa mama inasema tatu, simu inasema tisa, na redio inataka UTC, saa moja ya dunia nzima, ambayo ni sita. Hesabu niliyoibandika juu ya meza ni fupi. Mchana, chukua saa ya Kiswahili ujumlishe 3: saa tatu asubuhi ni 06, saa kumi jioni ni 13. Usiku, jumlisha 15: saa moja usiku ni 16, saa nane usiku ni 23. FT8 haitakuokoa hapa, kwa sababu kompyuta iliyokosewa kwa saa tatu kamili bado itafumbua kila kitu vizuri, halafu itaandika uongo kwenye daftari.

Na tarehe. Kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, sisi tumeshaingia siku mpya na UTC bado iko jana. Mbrazili wangu wa kwanza, mita 40, nilimpata saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, nikaandika 02:30 ya tarehe 14. Akakaa miezi minne bila kuthibitishwa na mimi nikimwona mwongo. Nilikuja kubadilisha mstari ule mmoja, 23:30 ya tarehe 13, nikapakia tena baada ya magharibi. Kabla ya isha alikuwa ameshaonekana.